Mjomba na Msasa Wake

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema, ili ukifika pale ninapomfokea mjomba wangu, mtu mzima aliyenifundisha kazi, usije ukasema huyu mwanamke hana adabu. Adabu ninayo. Huwa inachelewa kufika tu.

Karakana ni ya mjomba, kaka yake mama. Ina mlango mpana wa bati, mashine mbili za kukereza vyuma, drili ya kusimama, kompresa inayokoroma kama mtu mwenye mafua, na meza ndefu yenye jiliwa la kubania vyuma, ambayo hata ukiifuta wiki nzima, kiwiko chako kitatoka cheusi. Niliingia pale nikachonga boliti. Miaka kumi na mmoja, boliti. Boliti ni kitu cha maana, sikatai, lakini jamani, miaka kumi na mmoja! Jioni nikawa nasomea uchoraji wa mitambo, na nilipomaliza, mjomba akaninunulia meza ya kuchorea, akaiweka karibu na dirisha, akaipiga msasa yeye mwenyewe mpaka ukawa unaweza kujitazama usoni.

Msasa, ndugu yangu, ndio ugonjwa wa mjomba. Zamani hakuwapo mkereza kama yeye. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku moja aliharibu mhimili wa pampu, akaizima mashine ya kukereza, akafuta mikono, akachukua kipande cha msasa na kopo la dawa ya kung'arishia, akakaa kwenye kigoda chake. Tangu siku hiyo hakuna chuma kinachotoka mle ndani bila kupita mikononi mwake. Atakisugua, atakilainisha kila kona isimkwaruze mtu, atakung'arishia. Hata ufunguo wa choo unameremeta.

Sasa, kazi yangu ya kwanza ya kubuni ilikuwa nozeli. Usiogope jina. Ni pua ya chuma inayofumbatika kiganjani. Kwa nyuma inaingiza mabomba mawili, moja la mafuta na moja la upepo. Upepo, kwa sisi mafundi, ni hewa iliyobanwa na kompresa mpaka ikapata hasira kama zangu. Mafuta yanatokea katikati, kwenye tundu la milimita moja na nusu. Upepo unatokea kwenye duara jembamba linalolizunguka lile tundu, unakuja kwa kasi, unayakamata mafuta pale pale yanapochungulia, unayararua vipande vidogo vidogo mpaka huoni tena mafuta, unaona ukungu tu. Ukungu ule ukitua juu ya kitu, kinapata mafuta kidogo, sawasawa, kila mahali.

Aliyeutaka ukungu huo ni mkuu wa uzalishaji katika kiwanda cha biskuti za chumvi, mama mmoja mrefu ambaye wafanyakazi wake walimwita Mama Mstari, kwa sababu kutwa anatembea sambamba na mkanda wa biskuti kama askari wa zamu. Biskuti zikitoka kwenye tanuri hunyunyiziwa mafuta. Mtambo wao wa zamani ulikuwa umechoka, unadondosha. Alikuja na mfuko mzima wa ushahidi, akaumwaga juu ya meza yetu.

"Tazameni," akasema. "Hizi ni biskuti au ni watoto wenye tetekuwanga?"

Kimya akacheka mpaka akashika mbavu. Kimya ni mchomeleaji wetu, na jina hilo tulimpa kwa kejeli, maana hata akivaa barakoa ya kuchomelea bado anaongea.

"Mpwa wangu atakuchorea nozeli," mjomba akamwambia yule mama. "Na mpwa wangu hakosei vipimo."

Moyo wangu ukafanya paa! Ni mimi huyo anayesemwa?

"Nitajaribu moja," akasema Mama Mstari. "Halafu nitaandika ripoti kwa wakubwa. Ikifaa, tunabadilisha mstari wote, mnatengeneza nyinyi. Isipofaa, tunaagiza za nje na hatusumbuani tena."

Alipoondoka mjomba akanivuta kando. "Sikiliza, mama," akasema. Mama ndilo jina ananiitalo akiwa hana mzaha. "Hii ndiyo mizani yako. Ikikubali, nafungua upande wa ubunifu na wewe ndiye mkuu wake. Ikikataa, ile meza ya dirishani tunaitoa, tunarudi kwenye boliti. Karakana ndogo haiwezi kubeba vyote viwili."

Kwa hiyo unaelewa. Ilikuwa nozeli, au boliti mpaka uzee.

Nilichora wiki tatu. Nilipima, nikafuta, nikapima. Nikaikereza mwenyewe kwa chuma kisichoshika kutu, nikaifunga kwenye kompresa, nikaweka karatasi nyeusi mbele yake, nikafungua mafuta. Lo! Ukungu ulitoka laini kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Karatasi ikapata vitone vidogo mno, vimelingana, huwezi kuvihesabu. Kimya alipiga makofi, akaimba, akataka kunibeba, nikamkataza. Nikaiweka nozeli kwenye meza ya mjomba aing'arishe nje, kama kila kitu, nikaenda zangu nyumbani natembea kama bibi harusi.

Kesho yake kiwandani ilitema.

Sina neno jingine. Ilitoa ukungu kwa hesabu ya tatu, kisha tone, ukungu, tone, tone. Biskuti zikapita mbele yetu na madoa yao, moja baada ya moja, na mkanda ule hauna haraka. Mama Mstari alinitazama mimi. Nikaitazama kompresa yao.

"Upepo wenu una maji," nikasema.

"Upepo wetu?"

"Una maji. Unahitaji kichujio."

Akafungua nozeli yangu, akaenda nayo ofisini, akaifungia kabatini kama kielelezo cha mahakamani. Wakafunga kichujio. Mimi nikarudi, nikachonga nyingine kwa mchoro uleule, kwa sababu niliukagua mchoro mara nane na haukuwa na kosa. Nikaijaribu pale karakana: ukungu safi. Mjomba akaing'arisha. Tukaenda nayo, ikatema. Safari hii nikasema mafuta yao ni ya baridi mno.

"Upepo una maji, mafuta yana baridi," akasema Mama Mstari. "Kesho utaniambia biskuti zina kiburi." Akaifungia kabatini na ile ya pili, akaandika kitu kwenye faili lake, kisha akaligeuza nione, maana si mtu wa kusengenya. Alikuwa ameandika: mchoro una walakini.

Maneno matatu tu. Nilihisi kama nimevuliwa nguo hadharani.

"Alhamisi," akaniambia. "Mara ya tatu, ya mwisho."

Mjomba tulikuwa naye. Njiani akasema, "Wewe hukosei vipimo," lakini safari hii alisema kama mtu anayejibembeleza mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko faili.

Jumatatu nikachonga ya tatu. Karakana ikatoa ukungu wa kupigiwa mfano. Nikaanza kuamini kile kiwanda kina jini. Kimya akasema anamjua mtu wa kulitoa, nikamwambia anyamaze, akanyamaza kwa muda wa kumeza mate.

Jumanne asubuhi, saa ya chai, nimeinamia mchoro wangu kwa mara ya tisa, lenzi jichoni, nikajimiminia kikombe bila kutazama. Chai ikatoka kwenye mdomo wa birika, na badala ya kuingia kikombeni ikageuka, ikaambaa chini ya mdomo, ikateremka tumboni mwa birika, ikadondoka tone, tone, tone juu ya mchoro.

"Ala! Nani ameharibu hili birika?" nikafoka. "Wiki iliyopita lilikuwa linamimina vizuri!"

"Hakuna aliyeharibu," mjomba akajibu kutoka kwenye kigoda chake, kwa fahari kabisa. "Nimelitengeneza. Mdomo wake ulikuwa na ukali, nikaupiga msasa. Sasa pitisha kidole, laini kama siagi."

Nikapitisha kidole. Laini kama siagi. Nikamimina tena. Ukingo ule wa mviringo haukuikata chai. Chai ilikuwa inaufuata, inaupinda, inajikusanya chini yake, ikishakuwa nzito inadondoka.

Nikasimama. Nikahisi damu inanipanda kutoka kwenye nyayo.

"Mjomba," nikasema. "Nozeli unazisugua wapi?"

"Kote."

"Kote wapi?"

"Kote, mama. Nje mtu yeyote anaweza. Mimi nafungua kifuniko, naanzia ndani, pale kwenye tundu la mafuta. Ukingo wake ulikuwa mkali kama wembe! Nikajiambia kazi ya kwanza ya mtoto wetu haitoki hapa na ukali ule. Nimeusugua mpaka hauonekani."

Basi hapo ndipo nilipopandisha. Sitarudia yote. Nilimwambia ule ukali ndio kazi yenyewe! Nilimwambia siku tatu nzima nilikuwa nimekaa kwenye mtambo natafuta ukali huo, kwamba ndio unaoyakata mafuta yasiambae, kwamba ukiutoa umebaki na kifuniko cha chupa. Nilisema ameniaibisha. Nilisema, Mungu anisamehe, "Nani alikutuma?"

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikaa kimya.

"Haiwezekani," mjomba akasema taratibu. "Kulainisha hakuharibu kitu."

Ile ya tatu ilikuwa mezani pake, tayari imekwisha kupita kwenye msasa. Nikaichukua, nikaifunga, nikaweka karatasi, nikafungua mafuta na upepo. Ukungu, tone, ukungu, tone, tone. Karatasi ikawa na madoa makubwa kama senti. Mjomba aliinama akaitazama kwa karibu, muda mrefu. Kisha akakikunja kile kipande chake cha msasa mara mbili, akakitia mfukoni, akachukua koti lake, akatoka.

Hapo ndipo adabu yangu ikafika. Nimeshasema, huwa inachelewa.

Jumatano kigoda chake kilikuwa kitupu. Kwa miaka yote niliyokaa pale sijawahi kukiona kitupu siku ya kazi. Nilichonga ya nne. Mtambo ulifanya kazi, mikono yangu ilifanya kazi, lakini kila dakika nilikuwa nageuka kutazama mlangoni. Mtu amenifundisha kushika tupa, amenipeleka kwa wateja akijipiga kifua, mikono imemkataa, amebakiwa na kazi moja tu duniani, na mimi nimeichukua hiyo kazi nikaitupa chini mbele ya Kimya. Na aliifanya kwa mapenzi! Angekuwa ananichukia, angesugua nje akaishia hapo.

"Umemtafuta?" Kimya akauliza.

"Nimekwenda kwake asubuhi. Mkewe anasema ametoka."

"Atarudi. Mzee hawezi kukaa mbali na vyuma." Kisha akaongeza, maana hawezi kuacha, "Ila mdomo wako, dada, huo ndio wa kupigwa msasa."

Alikuwa na haki.

Alhamisi asubuhi nilitoka na nozeli imefungwa kwenye kitambaa, nimeikumbatia kifuani kama kichanga. Njiani nilikata shauri. Mama Mstari atauliza, lazima atauliza, mara mbili zile kulikuwa na nini. Nitamwambia ni mimi, nilikosea kipimo, nimekirekebisha. Ripoti iseme inavyotaka. Siwezi kumwanika mjomba wangu mbele ya wageni ili mimi nionekane mjuzi. Kama bei yake ni boliti, basi boliti.

Nikamkuta mjomba getini. Amevaa koti jeupe la kazi, limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umechelewa."

"Mjomba, juzi nili…"

"Umechelewa," akasema tena. "Tuingie."

Tukaingia. Tanuri lilikuwa limewaka, kiwanda kizima kinanukia ngano na chumvi. Mama Mstari yuko kwenye mkanda wake, faili kwapani. Nikafunga nozeli. Mara mbili nikaiangusha spana. Nikafungua upepo, nikafungua mafuta.

Ukungu.

Nikahesabu mpaka tatu, nikasubiri tone. Nikahesabu mpaka kumi. Nikahesabu mpaka nikachoka. Biskuti zikapita chini ya ule ukungu, safu kwa safu, zikatokea upande wa pili zinang'aa, za dhahabu, hakuna doa. Wafanyakazi wakaanza kusogea. Mama Mstari akaokota moja, akaigeuza, akaokota nyingine, akatembea na mkanda mpaka mwisho wake, akarudi. Nadhani alitabasamu, ingawa sina uhakika, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa machozi.

"Upepo uleule," akasema. "Mafuta yaleyale."

"Ndiyo, mama."

Akafungua faili, akatoa kalamu. "Wakubwa watataka kujua. Kwa hiyo mara mbili zile mchoraji alikosea hesabu?"

Nikapiga moyo konde, nikafungua kinywa kusema ndiyo.

"Hakukosea," mjomba akasema.

Sauti yake ilikuwa kubwa, kubwa kuliko mkanda. Watu wote wakageuka.

"Mchoro ni uleule wa siku ya kwanza," akasema. "Haukubadilika hata unywele. Mpwa wangu aliutengeneza ukingo wa ndani ukiwa mkali, kama inavyotakiwa. Mimi nikauchukua nyuma yake nikausugua, kwa mikono hii, kwa sababu nilidhani najua. Zile mbili ulizofungia kabatini, zilete hapa, nitakuonyesha nilipopita."

"Mjomba, basi," nikamnong'oneza. "Imetosha."

"Haijatosha." Akamgeukia Mama Mstari. "Pale umeandika mchoro una walakini. Nilikuona ukiandika. Futa, mama. Andika kosa la kusugua, fundi mzee, na jina langu liweke, usiliache. Wakubwa wasije wakasoma wakadhani huyu binti ni wa kubahatisha."

Mama Mstari akakata yale maneno matatu kwa mstari mmoja, akaandika. Aliandika taratibu, na mjomba alikuwa amesimama begani pake, amevaa miwani, anafuata kila neno kwa kidole kinachotetemeka. Mjomba alipofika mwisho akasema, "Hapo kwenye 'mbunifu' hujaandika mtu." Mama Mstari akaandika jina langu. Mjomba akasoma tena kutoka juu.

Nililia, sikujificha. Kuna mfanyakazi mmoja aliuliza kama mafuta yameniingia machoni, nikamwambia ndiyo, yote, ndoo nzima. Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani mwangu, nasema kweli.

Tukatoka na kazi ya nozeli ishirini na nne. Mjomba alitembea mbele, mikono mgongoni. Nilimfikia kwenye kona.

"Mjomba, nisamehe kwa yale maneno. Sikuwa na haki ya kukusemesha hivyo."

"Haki ulikuwa nayo. Sauti ndiyo ilikuwa kubwa. Mke wangu amekusikia akiwa sokoni."

Tukaenda hatua kadhaa.

"Ishirini na nne," akasema. Akatazama viganja vyake, akavigeuza. Akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ndogo, "Sasa mimi nitasugua nini?"

"Nje yote ni yako. Zing'arishe mpaka Mama Mstari ajipake wanja akijitazama humo."

"Na ndani?"

"Ndani ukigusa, nitasahau kwamba wewe ni kaka yake mama."

Mjomba alicheka. Alicheka mpaka ikambidi asimame kando ya barabara ashike ukuta, nami nikamshika mkono mwingine, na tukabaki pale tunacheka, watu wanatupita, mpaka alipoweza kutembea tena.